Wiki sita kabla ya larpu ya kwanza: nianze na upanga au na mhusika?

Shikamoo Shangazi.

Nina umri wa miaka 26, na kwa muda mrefu nimevutiwa na larpu, ule mchezo ambao watu huvaa uhusika na kuuishi kwa mwili na sauti kwa saa au siku kadhaa, bila jukwaa wala watazamaji. Sasa nimepata nafasi. Baada ya wiki sita kuna mchezo wa siku mbili msituni, wa falme za kubuni, panga za sponji na uchawi, na rafiki yangu amekwisha kuniandikisha.

Mhusika wangu nimeshamwandika, kurasa nane. Ni muuaji wa kukodiwa asiye na ndugu wala rafiki, hasemi na mtu, na ana siri ambayo hakuna anayeijua. Nilikuwa karibu kuagiza upanga wa lateksi, yaani wa sponji iliyopakwa mpira mwembamba, lakini rafiki huyo anasema vazi litangulie, na mwingine anasema upanga nitengeneze mwenyewe. Kinachonitisha zaidi ni mdomo wangu. Mimi si mwepesi wa kuzungumza na nisiowajua, na naogopa nitasimama pembeni siku zote mbili. Tena sijawahi kupigana na mtu hata kwa mzaha, na nasikia wapo wanaotoka mchezoni wakiwa na huzuni ya siku kadhaa. Nianzie wapi, Shangazi?

Ni mimi,
Mgeni wa Msituni

*

Marahaba, mwanangu. Wiki sita zinatosha kabisa, ila uzitumie kwa mpangilio mwingine. Upanga uje mwisho. Mhusika atangulie, na asiwe huyu wa kurasa nane.

Hebu tumtazame huyo muuaji wako. Hana ndugu, hana rafiki, hasemi, na siri yake hakuna anayeijua. Katika kitabu angependeza, maana msomaji anaingia kichwani mwake. Katika larpu hakuna anayeingia kichwani mwa mwenzake. Wachezaji wengine watamwona mtu aliyejifunika joho kando ya mti, watadhani anataka kuachwa, nao watamwacha. Kile unachokiogopa, kusimama pembeni siku mbili, ndicho ulichojiandikia katika kurasa hizo nane. Wanaoanza wengi sana huandika mhusika wa aina hii kwa sababu ukimya unaonekana salama. Si salama. Unachosha kuliko kuzungumza.

Mhusika mpya awe nusu ukurasa. Andika kwanza anachokitaka, na kiwe kitu asichoweza kukipata bila watu wengine. "Kulipa kisasi siku moja" hakukusaidii Jumamosi asubuhi. "Kupata sahihi za mabwana watatu kwenye hati ya kumfungua kaka yangu kabla jua halijazama" kunakusaidia, kwa kuwa tayari una watu watatu wa kuwatafuta, una cha kuwaambia, na kila mmoja wao anaweza kukudai kitu kabla ya kutia sahihi. Kisha andika watu watatu unaofungamana nao: mmoja unayemdai au anayekudai, mmoja unayempenda au kumheshimu, na mmoja usiyemwamini. Hawa wawe wachezaji halisi watakaokuwepo. Mwombe rafiki yako awe mmojawapo, na uwaandikie waendeshaji wakutafutie wawili waliobaki. Waendeshaji hupokea maombi ya namna hii kwa furaha, kwani mchezaji mwenye mafungamano hawasumbui kwa kukosa la kufanya.

Siri ibaki, lakini pawe na mtu mmoja anayeijua nusu yake. Siri isiyojulikana na yeyote huondoka nawe mchezo ukiisha bila kumgusa mtu. Mwongezee pia udhaifu mmoja ambao wengine wanaweza kuutumia: anakopa, anashindwa kukataa akisifiwa, au ameapa kutosema uongo. Jina liwe la silabi mbili au tatu, linaloweza kuitwa kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja.

Kuhusu kazi yake, mtu asiye mwepesi wa kusema namshauri achague kazi inayomlazimisha kusema. Karani ana sababu ya kumuuliza kila mtu jina, cheo na habari. Mjumbe ana ruhusa ya kuingia kila kambi. Msaidizi wa tabibu huitwa kila baada ya pigano, na majeruhi ndio wanaomtafuta. Usianze na mfalme wala jemadari. Kiongozi hutarajiwa kuzijua kanuni na kuwapa wengine shughuli, na hayo huyawezi bado. Jasusi na mwenye kupoteza kumbukumbu nao waache kwa sasa, kwani wote wawili hukosa cha kujibu wakiulizwa "wewe ni nani?"

Sasa mdomo wako. Larpu haidai ufasaha. Inadai umwitikie aliye mbele yako. Ukikwama, fanya moja kati ya haya matatu: uliza swali, omba msaada, au peleka habari uliyoisikia kwa mtu itakayemhusu. La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa habari ndiyo inayoendesha mchezo, na anayeibeba hupokelewa kila mahali. Badala ya kuigiza lafudhi, ambayo itakukausha koo na kukutoroka ukichoka, badili kitu kimoja cha mwili: tembea polepole kuliko kawaida yako, au weka mikono nyuma. Saa ya kwanza ya mchezo huwa na mkanganyiko kwa kila mtu, hata wakongwe, kwa kuwa wote bado wanatafutana. Usiipime siku nzima kwa saa hiyo.

Kabla hujaenda msituni, fanya larpu ndogo sebuleni na marafiki sita, bila silaha. Mmoja zaidi awe mwendeshaji. Itachukua saa mbili: nusu saa ya matayarisho, saa moja na robo ya kucheza, na robo saa ya kuzungumza baadaye. Mnachohitaji ni mahali pamoja, uamuzi mmoja na saa inayokwisha. Kwa mfano: nahodha amefariki, chombo kitatia nanga baada ya saa moja na robo, na mabaharia sita lazima washuke wakiwa na nahodha mpya. Kila mmoja apewe karatasi ya nusu ukurasa yenye jina, kazi chomboni, anachokitaka, siri moja na watu wawili anaofungamana nao. Panga ili anachokitaka kila mmoja kiwe mikononi mwa mwingine: anayetaka unahodha hana ufunguo wa kabati la ramani, mwenye ufunguo anataka kushuka na kutorudi baharini, na anayeweza kumruhusu kushuka anadaiwa na yule wa kwanza.

Yanayoharibu michezo ya aina hii yanajulikana. Wa kwanza ni mchezaji anayekataa kila kitu: akiambiwa "uliniahidi", anajibu "hapana, sikuahidi", na mazungumzo yanakufa hapo. Kubalianeni tangu matayarisho kwamba mwenzako akidai jambo kuhusu mlikotoka, unalipokea na kuliongezea. Wa pili ni anayetaka kushinda. Katika larpu, kushindwa vizuri humpa mwenzako la kufanya, nawe hukupa nafasi ya kulipa. Kosa la tatu ni la mwendeshaji anayeongeza muda kwa sababu mambo yamenoga. Saa ikifika, malizeni mchezo. Uamuzi hufanywa dakika kumi za mwisho kwa kuwa wote wanaiona saa.

Nikuulize na wewe: huo mchezo wa msituni ni wa aina gani? Larpu si kitu kimoja. Dagorhir, iliyoanza Marekani mwaka 1977, imejengwa juu ya mapigano. Treasure Trap, iliyoanza Uingereza mwaka 1982 katika kasri la Peckforton, ilihusu kuingia mapangoni na kupambana na viumbe. Nchi za Nordiki, zile za kaskazini mwa Ulaya, ambako mkutano wa wanalarpu uitwao Knutepunkt ulianza Norwei mwaka 1997, zimekuza michezo ya hisia na mahusiano ambayo mara nyingi haina silaha kabisa. Mchezo wako unaweza kuegemea upande wowote, na kanuni za kuamua nani ameshinda hubadilika vivyo hivyo: kwingine unahesabu mapigo mwilini, kwingine mnacheza mkasi, karatasi na jiwe, kwingine mnakubaliana tu kinachopendeza. Uchawi nao kwingine ni maneno, kwingine ni vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa mbegu, unavyomrushia mlengwa. Soma kanuni za mchezo wako mara mbili. Sura ya usalama uisome mara tatu.

Vazi halina ugumu. Anza na viatu, kwa sababu ndivyo vinavyowatoa watu mchezoni kabla ya wakati: buti lenye soli ya kushika ardhi, lililovaliwa wiki mbili kabla ili lizoee mguu. Juu yake kanzu fupi ya kufika magotini, rangi moja iliyopoa, mkanda mpana kiunoni, na mfuko wa kuning'inia wa kuwekea karatasi na vifaa. Kanzu hiyo ni mistatili miwili ya mwili na miwili ya mikono. Upana wa kila mstatili wa mwili ni nusu ya mzunguko wa kifua, jumlisha sentimita 10 za nafasi na mshono, na kuanzia kiunoni kwenda chini uache pande wazi ili uweze kukimbia. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 na urefu wa mita 2.5 kinatosha watu wengi. Chagua pamba, kitani au sufu. Nailoni na poliesta zikipata cheche za moto wa kambi huyeyuka na kugandia ngozini. Joho likomee juu ya kifundo cha mguu, la sivyo utalikanyaga ukipanda mlima. Saa ya mkononi na simu vifichwe. Ukivaa miwani, ifunge kwa kamba nyuma ya kichwa.

Tufike kwenye upanga. Wa kwanza uazime. Kila silaha hukaguliwa kabla ya mchezo kuanza, na kanuni za urefu, kiini (fimbo iliyo ndani ya sponji) na ncha hutofautiana kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, hivyo upanga ulioagizwa kabla ya kusoma kanuni unaweza kukataliwa. Waulize waendeshaji kama wana wa akiba. Mara nyingi wanao.

Ukiamua kutengeneza, upanga wa sentimita 90 unahitaji kiini cha sentimita 80, cha fimbo ya faibaglasi yenye unene wa milimita 10 hivi. Chuma hapana, kwani huumiza hata kikifunikwa. Mbao hapana, kwani hupasuka na kuacha kijiti chenye ncha. Lainisha miisho kwa msasa, kisha kila mwisho ugandishie kipande cha mviringo cha ngozi nene au mpira, ukizungushie tepu. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayozuia jambo la hatari kuliko yote: kiini kutoboa sponji na kutokea kwenye ncha. Sponji iwe ile ya mikeka ya kulalia kambini, isiyonyonya maji, unene wa milimita 10. Kata tabaka tatu za upana wa sentimita 6. La katikati lipasue mfereji wa kulaza kiini, la juu na la chini yalifunike. Ncha ya sponji ipite mwisho wa kiini kwa sentimita 6, na upande wa kitako ipite kwa sentimita 4. Mpini wa sentimita 20 hivi uuzungushie ngozi au kamba.

Tumia gundi ya mafundi viatu, mahali penye hewa. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo uzikutanishe ukianzia mwisho mmoja, kwani zikishagusana hazisogei tena. Ukizikutanisha zikiwa mbichi, unyevu wa gundi hufungiwa ndani na tabaka huachana kwa mapigo ya kwanza. Sponji ikate kwa kisu kikali sana. Kisu butu huichana badala ya kuikata. Mwisho uifunike kwa tepu ya kitambaa iliyolazwa kwa urefu, bila kuivuta. Tepu iliyozungushwa kwa kukazwa huibana sponji, na upanga uliokuwa laini unakuwa rungu.

Ukikauka, bonyeza makali yake kwa kidole gumba. Ukikisikia kiini, haufai. Kisha jipige pajani kwa nguvu ya mchezo. Ukiwasha ngozi, haufai. Upanga wa lateksi ukiupata baadaye, usiuegemee kwenye ncha hata dakika moja, usiuache kwenye gari juani, usiulaze ukigusana na mwingine kwa sababu lateksi hugandana, na uupulizie silikoni mara kwa mara ili usipasuke. Wapo watu wanaodhurika na lateksi ngozini. Uliza kabla ya kupambana nao. Upinde uache kwa sasa. Una mipaka ya nguvu ya uta, na mishale yake yenye vichwa vipana vya sponji hukaguliwa peke yake.

Kupigana ni kugusa. Unazungusha mkono kama anayepiga kweli, lakini nguvu unaizuia kabla upanga haujafika. Lenga mikono, miguu na kiwiliwili. Kichwa, shingo na kinena havipigwi kamwe, na kuchoma kwa ncha ya upanga wenye kiini hakuruhusiwi katika michezo mingi. Mapigo ya haraka haraka mahali pamoja huhesabiwa kama upuuzi, tena yanaumiza. Anayehesabu mapigo ni aliyepigwa, na mpigaji habishi. Ukipigwa, onyesha: yumba, piga kelele, shika mkono. Hapo ndipo pigano linapopendeza. Mfanye rafiki yako mwenzako wa mazoezi, dakika ishirini mara mbili kwa wiki, mkianza polepole mpaka kuzuia nguvu kuwe desturi ya mkono.

Jifunze ishara za usalama mpaka ziwe midomoni. Kuna neno la kusimamisha kila kitu, kwa kawaida likiwa "simama" au "kata": ukilisikia unaacha hapo hapo, unanyamaza, unasubiri. Lipo pia neno la kupunguza, linalomaanisha endelea ila usizidishe. Katika michezo mingi, mkono ulioinuliwa kukinga macho humaanisha naondoka hapa na usiniulize sababu. Nyingine ni ya kuulizana hali kimyakimya: unamwonyesha mwenzako kidole gumba na cha shahada vilivyounganishwa kuwa duara, naye anajibu kwa kidole gumba juu akiwa sawa, kiganja cha kupepesuka akiwa na mashaka, kidole gumba chini akiwa hayuko sawa. Jibu lolote lisilo gumba juu, mtoe nje ya tukio. Hofu yako ya kuzungumza inahusika hapa pia: ukizidiwa, una njia ya kutoka isiyohitaji maneno.

Huzuni uliyoisikia ipo, mwanangu, na ina sababu. Kwa siku mbili mwili wako utakuwa umeogopa, umependa na umekasirika kweli, ingawa kwa niaba ya mtu wa kubuni, na hisia hazizimiki kwa tangazo la mwisho wa mchezo. Tena unarudi kwenye maisha yasiyo na ngoma wala bendera ukiwa na usingizi wa siku mbili. Vua vazi mapema. Mtafute uliyekuwa adui yake, umwite kwa jina lake halisi, umshukuru. Kaeni watatu au wanne mkaambiane mlichokipenda na kilichowauma. Kula, lala, na uiache siku inayofuata bila kazi kubwa. Ukijikuta umempenda au umemchukia mchezaji kwa sababu ya aliyokufanyia mhusika wake, usimwandikie chochote cha uzito kwa wiki moja, kisha ujiulize tena. Ikiendelea kukulemea, zungumza na mwendeshaji. Kazi yake haishii kwenye hema la mwisho.

Wiki hii waandikie waendeshaji barua moja fupi. Waambie ni mara yako ya kwanza, watumie nusu ukurasa wa mhusika mpya, waombe watu wawili wa kufungamana nao, waulize kama wana upanga wa akiba na ukaguzi wa silaha ni saa ngapi, na uwatajie ugonjwa au mzio wowote ulio nao. Waulize pia ni nani wa kumwendea usiku ukikwama. Andika jina la huyo kwenye karatasi uiweke mfukoni, kwa sababu simu utakuwa umeificha.

Shangazi